Ufa Usizibwe

Juni, Uyole. Ukungu umelalia mabati
na masweta ya shule yameletwa kwa mafungu:
viwiko vimetoboka, shingo zimefumuka,
moja limetafunwa na panya mfukoni, palipokuwa na muhindi.
Naziba. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na tisa huu,
na ile methali ya ufa na ukuta niliiandika kwa chaki
juu ya mlango wa kibanda, wateja waisome wakisubiri.

Leo nimeifuta.

Daktari Mwasaga alinichorea nyuma ya kadi ya kliniki
nyuzi mbili zilizosokotana, ndefu,
zimekunjwa ndani ya kila seli yako, Atuganile,
na kila siku zinakatika.
Jua, moshi wa kuni, kuishi tu kunazikata.
Lakini humo ndani mna mafundi.
Mmoja hutia kiraka uzi mmoja ukichanika.
Mwingine, bingwa, huitwa zikikatika zote mbili,
naye hushona kwa kufuatisha nakala, hakosei hata kitanzi.

Huyo bingwa, akasema, kwenu ana kasoro.
Umeirithi kwa mama.

Nikamwona mama, Tukuyu, mvua haikatiki,
anachuma chai kwa mkono mmoja,
mkono wa pili umebana kifua.
Nikamwona mama mkubwa Tusajigwe. Na bibi,
tuliyeambiwa karogwa kwa ajili ya migomba.
Hakurogwa mtu. Ni herufi. Herufi moja imerukwa
katika neno refu kuliko barabara ya Kyela,
nasi tumenuniana na majirani miaka arobaini.

"Na baba?" nikauliza.
Baba alikwenda Chunya kuchimba dhahabu, nina miaka minne.
Haikuja dhahabu, haikuja barua.

"Nakala ya baba yako ni nzima.
Imo mwili mzima, inashona mpaka sasa.
Ni kwenye uvimbe tu ilikopotea."

Nikalia palepale, na si kwa ajili ya uvimbe.
Miaka yote hii nasema hakuniachia kitu.

Basi hila yao ndiyo hii:
uvimbe hauna bingwa, unaishi kwa fundi wa viraka.
Kidonge kinamkamata yule wa viraka
kainama kazini, kinamgandisha juu ya uzi
kama sindano iliyokwama kwenye kitambaa.
Na cherehani ya uvimbe haijui kusimama,
imezoea mbio, imezoea kuzaa na kuzaa,
inakuja, inakuja, inaikuta sindano,
praa,
nyuzi zote mbili.
Inamwita bingwa. Bingwa hayupo.
Inachanika hadi haifai hata kuwa dekio.

Kwingineko kidonge kikipita na kuharibu vilevile,
baba anaamka, anashona.

Sitawadanganya. Kichefuchefu. Ugali unanuka kutu.
Damu imepungua, na ngazi za hospitali zimeongezeka.
Daktari naye hakuapa: uvimbe nao hujifunza,
mara nyingine huiokota herufi iliyorukwa
ukaanza kushona upya. Tutapima tena Septemba.

Kwa hiyo asubuhi na jioni naweka kidonge ulimini,
nakanyaga cherehani, naziba kiwiko cha mtoto wa Mbalizi,
na mimi, fundi, nasali sala ambayo sijawahi kuisali:
hapo, Bwana, chini ya kitovu, upande wa kushoto,
pasishonwe. Pafumuke. Mafundi wote wa hapo
uwape likizo.

Binti yangu Bupe ana miaka kumi na sita.
Ameuliza mbona mlango hauna maandishi.
Nimempa chaki.
Amesimama juu ya stuli, mkono hewani, ananingoja
nimwambie aandike nini.